TEKNOLOJIA: Kioo, nuru iliyopinda na kazi ya kuunganisha picha za tarakilishi

MVUVI wa pwani anayetumia chusa halengi pale anapomwona samaki. Hulenga chini kidogo ya hapo, kwa maana amejua tangu utotoni kwamba maji humsogeza samaki juu machoni pa anayetazama.

Watalii wanaopanda mashua zenye sakafu ya kioo katika hifadhi za baharini za Malindi na Watamu hukutana na jambo lilo hilo, pengine bila kulitambua. Matumbawe yaliyo mita nne chini ya maji huonekana kana kwamba yako mita tatu tu.

Kiini cha mambo haya ni kupinda kwa nuru. Mwale unapotoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine, mathalani kutoka majini hadi hewani, kasi yake hubadilika, na iwapo umeingia kwa mshazari, mwelekeo wake hubadilika pia.

Ibn Sahl, mwanahisabati wa Baghdad, aliieleza kanuni ya mpindo huo mnamo mwaka wa 984. Mholanzi Willebrord Snellius aliifikia tena kwa njia yake mwaka wa 1621, na jina la huyu wa pili ndilo lililobaki katika vitabu vya shule.

Kila kitu kipitishacho nuru kina kipimo chake cha mpindo. Hewa ina takriban 1, maji 1.33, kioo cha kawaida karibu 1.5, na almasi 2.42. Kadiri kipimo kinavyoongezeka ndivyo mwale unavyopindwa zaidi.

Kwa mafundi wanaotengeneza picha za filamu na matangazo kwa tarakilishi, tarakimu hizo chache ni mzigo mkubwa. Kioo ni miongoni mwa vitu vinavyoichosha mashine kuliko vyote, na ndicho kitu ambacho wateja hupenda kukitolea kasoro dakika ya mwisho.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa kile ambacho katika kazi hiyo huitwa pasi ya mpindo.

Gharama ya kioo

Chukulia tangazo la televisheni la sekunde 30 linaloonyesha chupa ya kioo cha kijani yenye maji, ikiwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Kwa kasi ya picha 25 kila sekunde, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika televisheni za Kenya, tangazo hilo lina picha 750.

Iwapo tarakilishi itachukua dakika 20 kukokotoa kila picha, kazi yote itakula saa 250. Hizo ni siku kumi na ushei kwa mashine moja isiyozimwa usiku wala mchana, na hapo ni endapo umeme haukupotea.

Sasa mteja anakuja siku mbili kabla ya tangazo kupeperushwa na kusema kwamba kijani cha chupa kimekolea mno. Studio kubwa yenye mamia ya mashine itarudia kazi usiku mmoja. Studio ya watu watatu wenye tarakilishi mbili haina uwezo huo, na mkataba wake unaweza kuishia hapo.

Ili kuelewa kwa nini kioo kina gharama hiyo, ni muhimu kurejea mwaka wa 1980, wakati Mmarekani Turner Whitted, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, alipochapisha makala yaliyobadilisha taaluma ya picha za tarakilishi.

Whitted alieleza jinsi ya kuufuata mwale kinyumenyume, kuanzia katika jicho la kamera hadi kwenye kitu unachogonga. Kitu hicho kikiwa kioo, mwale huzaa miale miwili: mmoja huruka na kuakisi vilivyo mbele ya kioo, na wa pili hupenya, ukapinda na kuendelea na safari.

Picha aliyoambatanisha na makala hayo, ya tufe la kioo na tufe jingine linaloakisi juu ya sakafu ya miraba, ingali inaonyeshwa madarasani hadi leo.

Tatizo ni kwamba miale huzaana. Mwale unaopita katika chupa yenye maji hukutana na nyuso nne: hewa hadi kioo, kioo hadi maji, maji hadi kioo, na kioo hadi hewa. Ukigawanyika mara mbili katika kila uso, mwale mmoja huwa umegeuka 16 kabla ya kutokea upande wa pili, na picha moja ya televisheni ya kisasa ina pikseli zaidi ya milioni mbili.

Programu za leo hukwepa wingi huo kwa kuchagua njia moja kwa bahati nasibu, kisha kurudia jaribio hilo mara mamia kwa kila pikseli. Marudio yasipotosha, kioo hujaa chengachenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi.

Kilichomo ndani ya pasi

Neno pasi hapa halihusiani na kunyoosha nguo wala na kandanda. Ni sehemu moja ya picha iliyohifadhiwa peke yake, ikibeba aina moja tu ya nuru.

Badala ya kutoa picha kamili pekee, tarakilishi huagizwa kutoa kando nuru iliyotawanywa na nyuso za kawaida, kando nuru iliyoakisiwa, kando mng'ao, kando nuru inayotolewa na vitu vyenyewe kama vile taa, na kando nuru iliyopenya na kupinda. Zote hukokotolewa kwa mpigo mmoja, hivyo kwamba gharama ya ziada huwa zaidi ni nafasi ya kuhifadhi.

Majina hutofautiana. V-Ray huita sehemu hii mpindo, ilhali Cycles, injini ya programu ya bure ya Blender tangu mwaka wa 2011, huiita upitishaji. Kazi yake ni moja.

Muunganishaji, yaani fundi anayezipokea sehemu hizi na kuzirejesha kuwa picha moja, hutumia hesabu nyepesi kupita kiasi: huzijumlisha. Nuru ni kitu cha kujumlishwa. Taa mbili chumbani hutoa nuru ya taa mbili.

Hata hivyo, hesabu hiyo hukubali kwa sharti moja. Namba zinazojumlishwa ziwe za kiasi halisi cha nuru, si namba zilizokwisha kurekebishwa ili zipendeze kwenye skrini. Anayejumlisha picha zilizorekebishwa tayari hupata kioo chenye ukingo uliofifia na kitovu kilichoungua, na anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta kosa mahali lisipokuwa.

Aidha, faili za kawaida zenye ngazi 256 za kila rangi hazifai. Jua likionekana kupitia chupa linaweza kuwa na mng'aro mara 20 ya weupe wa karatasi, lakini faili hizo hukata kila kinachozidi weupe huo. Baadaye fundi akipunguza mwanga, jua hugeuka doa la kijivu.

Kwa sababu hiyo pasi huhifadhiwa katika faili za OpenEXR, zilizobuniwa na kampuni ya Industrial Light & Magic ya Marekani na kutolewa kwa umma bila malipo mwaka wa 2003. Faili moja hubeba pasi zote, na namba zake zaweza kupita weupe mara nyingi.

Jaribio la kwanza la muunganishaji mwangalifu ni kujumlisha pasi zote, kisha kutoa jumla hiyo katika picha kamili. Kinachobaki lazima kiwe weusi mtupu. Kikibaki kivuli cha chupa, kuna pasi iliyosahaulika, na ni afadhali ijulikane siku ya kwanza kuliko ya mwisho.

Lililo muhimu zaidi, na ambalo huwapotosha wengi, ni kujua hasa nini kimo ndani ya pasi ya mpindo. Jina lake hulifanya lidhaniwe ni pasi ya kioo. Si hivyo. Ni pasi ya kila kitu kinachoonekana kupitia kioo.

Tarakilishi huainisha nuru kwa kutazama kitu cha kwanza ambacho mwale wa kamera umekigonga. Ukigonga kioo na kupenya, yote yanayofuata huandikwa katika pasi ya mpindo, yawe ni kitambaa cha meza, ukuta, mkono wa mtu au chupa nyingine iliyo nyuma.

Katika tangazo lililotajwa, karatasi ya nembo iliyobandikwa mbele ya chupa haimo katika pasi hiyo, kwa kuwa kamera huiona moja kwa moja. Mgongo wa karatasi iliyobandikwa upande wa nyuma umo, kwa sababu huonekana kupitia kioo na maji. Fundi akiongeza mwanga wa pasi ya mpindo, mgongo huo utang'aa nayo nembo ya mbele ibaki ilivyokuwa.

Kinyume chake, kivuli cha chupa kinachoonekana katika sinia la chuma lililo kando kimo katika pasi ya uakisi wa sinia, hata kama kivuli hicho chenyewe ni cha kioo.

Kubadilisha rangi

Pamoja na pasi ya mpindo, programu nyingi hutoa vipande viwili vinavyoiunda. Cha kwanza ni mpindo ghafi, yaani nuru iliyofika kwenye kioo kabla ya kutiwa rangi. Cha pili ni kichujio, yaani rangi ya kioo chenyewe. Kimoja kikizidishwa kwa kingine, hupatikana pasi ya mpindo.

Hapa ndipo studio ya watu watatu inapookoka. Badala ya kukokotoa upya picha 750, fundi huchukua mpindo ghafi na kuuzidisha kwa kichujio kipya, chenye kijani hafifu zaidi, kisha kurejesha matokeo hayo kwenye jumla. Kazi ya siku kumi huwa ya alasiri moja.

Iwapo mpindo ghafi haukuhifadhiwa, waweza kupatikana kwa kugawa pasi ya mpindo kwa kichujio. Lakini pale ambapo kichujio ni cheusi, kugawa kwa sufuri hakuna jibu, na kwenye kingo ambamo pikseli moja huchanganya kioo na kisicho kioo, jibu hutoka na utepe mwembamba wa rangi ya ajabu. Kuhifadhi ghafi tangu mwanzo ni bora.

Kuna rangi ambayo kichujio hakiimudu. Kioo kinene hukolea zaidi kuliko chembamba, ndiyo maana kitako cha chupa huwa cha kijani kizito kuliko shingo yake. Rangi ya namna hiyo hutokana na masafa ambayo nuru imesafiri ndani ya kioo, na huwa imeshaingia katika hesabu kabla ya kichujio kufika. Fundi anayetaka kuiondoa hana budi kuikadiria kwa jicho.

Fauka ya hayo, mpindo hauwezi kuguswa bila kuuwazia uakisi. Kioo kinachotazamwa uso kwa uso huakisi takriban asilimia 4 tu ya nuru na kupitisha karibu yote iliyosalia. Kinapotazamwa kwa mshazari mkali, kama kwenye kingo za chupa, huakisi karibu nuru yote na kupitisha kidogo sana.

Pasi hizi mbili kwa hivyo ni kama wabia wa duka moja: anachopata mmoja, mwenzake amekikosa. Kuongeza mpindo maradufu na kuuacha uakisi ulivyo huifanya chupa ionekane kana kwamba ina balbu ndani. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini ataliona.

Vipofu wawili

Pasi ya kina, ile inayoandika umbali wa kila kitu kutoka kwenye kamera, haioni ndani ya kioo. Hupima hadi kwenye uso wa chupa na kusimama hapo.

Muunganishaji hutumia pasi hiyo kufanya vitu vya mbali vififie kama vinavyofifia kwenye lenzi halisi. Chupa ikiwa karibu na kamera, ukuta unaoonekana ndani ya chupa utahesabiwa kuwa karibu vilevile, nao utabaki mkali huku ukuta huohuo, kando ya chupa, umefifia. Dawa ya kweli ni ukungu wa lenzi kukokotolewa pamoja na picha tangu awali, ingawa hilo huongeza saa.

Barakoa za vitu ni kipofu wa pili. Hizi ni picha zinazoonyesha pikseli za kila kitu ili fundi aweze kukibadilisha peke yake. Mbinu ya Cryptomatte, iliyotolewa na studio ya Psyop mwaka wa 2015, ilirahisisha mno utoaji wa barakoa hizo, lakini kwa kawaida nayo hutaja kitu cha kwanza tu ambacho mwale umekigonga. Ua jekundu lililo nyuma ya bilauri halimo katika barakoa ya ua. Limo katika barakoa ya bilauri.

Baadhi ya programu, V-Ray ikiwemo, zina swichi inayoruhusu kioo kupitisha barakoa na taarifa nyingine, na si rangi tu. Swichi hiyo iko katika mipangilio ya kila kioo, na huhitaji kuguswa kabla ya ukokotoaji kuanza. Baada ya siku kumi ni kuchelewa.

Mandhari isiyokuwepo

Ugumu mkubwa zaidi hutokea wakati chupa ni ya tarakilishi ilhali mandhari ni picha iliyopigwa kwa kamera, tuseme ufuo wa bahari, ambayo itaongezwa na muunganishaji baadaye.

Kanuni za kuweka picha moja juu ya nyingine zilipangwa vyema na Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm mwaka wa 1984. Msingi wake ulikuwa alfa, chaneli ya nne kando ya nyekundu, kijani na samawati, ambayo Ed Catmull na Alvy Ray Smith walikuwa wameibuni miaka ya 1970. Alfa husema pikseli imefunikwa kwa kiasi gani. Mwaka wa 1996 wote wanne walituzwa na Akademia ya filamu ya Marekani kwa kazi hiyo.

Alfa inatosha kwa nywele, moshi na majani. Kwa kioo haitoshi. Alfa husema ni kiasi gani cha mandhari kipite, lakini haisemi kipite kutoka wapi. Kioo huonyesha mandhari ya mahali pengine kabisa: bilauri iliyojaa maji hugeuza kushoto kuwa kulia, na tufe la kioo hupindua dunia juu chini.

Ndiyo maana chupa iliyowekwa juu ya ufuo kwa alfa pekee huonekana kama imekatwa katika karatasi ya nailoni. Mstari wa upeo wa bahari hupita ndani yake ukiwa umenyooka, jambo ambalo jicho la mtu aliyewahi kunywa maji kwenye bilauri haliwezi kulikubali.

Waliotengeneza filamu walikumbana na hitaji hili kabla ya tarakilishi kufika. Katika filamu ya Predator ya mwaka wa 1987, kiumbe asiyeonekana alipigwa picha akiwa mtu aliyevaa vazi jekundu msituni. Kisha mandhari ileile ilipigwa tena bila mtu, kwa lenzi pana zaidi, na ile picha ya pili ikajazwa katika umbo la mtu kwa mashine ya kuchapisha filamu. Msitu ndani ya umbo ukawa haulingani na msitu wa nje, na macho ya watazamaji yakasoma kioo.

Miaka miwili baadaye, filamu ya The Abyss ya James Cameron ilihitaji mnyiri wa maji unaotambaa katika vyumba vya kituo kilicho chini ya bahari. Industrial Light & Magic walipiga picha vyumba hivyo kutoka kila pembe na kuvijenga upya katika tarakilishi, ili maji yawe na kitu cha kupinda na kuakisi. Miezi sita ilitumika kwa sekunde 75, na filamu ikanyakua tuzo ya Oscar ya madoido ya kuonekana.

Funzo la The Abyss lingali linafuatwa: mandhari huingizwa ndani ya tarakilishi kabla ya ukokotoaji, na pasi ya mpindo hutoka ikiwa na ufuo uliopindwa sawasawa. Hasara ni kwamba mandhari huwa imeganda humo. Mwelekezi akichagua ufuo mwingine, hesabu yote hurudiwa.

Wenye haraka hutumia njia nyingine. Nyuma ya kioo huwekwa bango lisilo na picha, ila rangi zinazotaja mahali: wekundu huongezeka kutoka kushoto hadi kulia, na kijani kutoka chini hadi juu. Pasi ya mpindo ikitoka, kila pikseli ndani ya chupa huwa na jozi ya namba zinazosema, nenda ukachukue rangi mahali fulani.

Muunganishaji sasa anaweza kuweka ufuo wowote. Programu ya kuunganisha husoma jozi hizo, huchota rangi katika picha iliyopo, na chupa huipinda. Mwelekezi akibadili nia mara tano, ramani ni ileile.

Ramani hiyo haina subira na uzembe. Ngazi 256 haziwezi kutaja safu 1,920 za picha ya televisheni, na matokeo huwa ngazi kama za nyumba. Hata faili za biti 16 za OpenEXR hazitoshi, kwani katika nusu ya kulia ya picha hatua zake huwa na upana unaokaribia pikseli nzima. Biti 32 ndizo zinazohitajika.

Vilevile, kingo zake zisilainishwe. Wastani wa rangi mbili ni rangi inayokubalika, lakini wastani wa anwani mbili ni anwani ya tatu isiyomhusu yeyote. Kwenye ukingo wa chupa, pikseli iliyolainishwa hivyo huenda kuchota rangi katikati ya bahari bila sababu.

Zaidi ya hayo, pikseli moja hutaja mahali pamoja tu. Kioo cha dirisha la bafu, kilichoparazwa ili kisionyeshe, hukusanya nuru kutoka eneo zima, na ramani haina njia ya kulisema hilo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, Douglas Zongker, Dawn Werner, Brian Curless na David Salesin, walilishughulikia jambo hili mwaka wa 1999. Waliweka vyombo halisi vya kioo mbele ya skrini zilizoonyesha mistari ya upana tofauti, wakavipiga picha, kisha wakakokotoa ni eneo lipi la mandhari linalochangia kila pikseli. Kwa taarifa hizo waliweza kukihamisha chombo hicho hadi kwenye mandhari nyingine, kikaipinda kama kingaliipinda huko.

Katika studio za kawaida, kioo kilichoparazwa bado huigwa kwa kutia ukungu juu ya mandhari iliyokwisha kupindwa. Si sahihi kisayansi, ila kwa kioo cha bafu hutosha.

Doa mezani

Chupa ya kijani ikipigwa na jua haibaki na nuru yote. Hutupa mezani kiraka cha kijani chenye mistari inayong'aa, pale ambapo miale imekusanywa na mzingo wa kioo.

Kiraka hicho kimetengenezwa na mpindo, lakini hakimo katika pasi ya mpindo. Kamera imeona kitambaa kwanza, kwa hivyo nuru hiyo imeandikwa katika pasi ya nuru iliyotawanywa na kitambaa.

Fundi aliyepunguza kijani cha chupa kwa kichujio kipya, akajumlisha pasi zote, akafurahia kazi yake, anaweza kumpelekea mteja tangazo lenye chupa iliyopauka juu ya doa la kijani kibichi. Wateja ambao hawawezi kueleza kasoro ya kioo huliona doa la kitambaa mara moja.

Wenye uzoefu huagiza tangu mwanzo nuru ya kiraka hicho ihifadhiwe kama pasi yake yenyewe, pale ambapo programu inaruhusu. Wasiokuwa nayo huchora barakoa kwa mkono kuzunguka doa hilo na kuipunguza rangi yake fremu baada ya fremu, au hukokotoa upya meza pekee, bila kuiomba tarakilishi ionyeshe chupa kwa kamera. Meza tupu haina mchoro wa kioo wa kusubiriwa, na picha zake hutoka kwa muda mfupi zaidi.